Kumwandikia Mtu Mzima Anayeanza Kusoma

Mtu anayejitolea kuwafundisha watu wazima kusoma huanza kazi yake kwa moyo mwema, akidhani kwamba akiwa na ubao, chaki na subira mambo yatakwenda. Baada ya miezi michache hukuta upungufu ambao hakuutazamia. Wanafunzi wake wamezijua silabi, wanaweza kuunga maneno, na sasa wanamwuliza wasome nini. Kitabu cha kwanza kimekwisha. Magazeti ni magumu. Vitabu vya watoto wanavionea haya. Hapo ndipo mwalimu huyo hushika kalamu mwenyewe, au huitwa pamoja na wenzake katika mafunzo ya majuma mawili matatu, wafundishwe namna ya kuandika maandishi mepesi. Hudhani anakwenda kufundishwa ufundi. Kumbe anakwenda kukutana na swali la maadili, nalo ni hili: je, mtu aweza kumrahisishia mwenzake maneno bila ya kumdogosha?

Ushauri unaotolewa kwa kawaida katika mafunzo ya namna hiyo ni mfupi. Maneno yawe mafupi, sentensi ziwe fupi, kila sentensi ibebe jambo moja, na picha zisikosekane. Ushauri huu si mbaya, lakini una kwao, na kwao si Afrika ya Mashariki. Mwaka 1948 Rudolf Flesch, mtaalamu wa Marekani aliyezaliwa Vienna, alitoa kanuni ya kupimia ugumu wa maandishi ya Kiingereza kwa kuhesabu maneno ya sentensi na silabi za neno. Kwa Kiingereza kipimo hicho kina maana, kwa kuwa katika lugha hiyo maneno marefu aghalabu ni yale yaliyotoka Kilatini na Kigiriki, ambayo mtu wa kawaida hayatumii jikoni wala shambani. Kikiletwa katika Kiswahili, kipimo hicho huhukumu wasio na hatia. Neno "hawajatuandikia" lina silabi nane. Kiingereza kingehitaji maneno saba kulisema jambo hilo, lakini mtoto wa miaka minne aliyezaliwa Tanga hulitamka bila ya kujikwaa, kwa sababu hakuna kipande chake asichokijua. Urefu wake ni wa macho, si wa akili. Ni kweli kwamba msomaji mpya hukwama mbele ya neno kama hilo, maana jicho lake bado ni zito. Dawa yake ni kumkatia neno kwa vistari katika majuma ya mwanzo, ha-wa-ja-tu-a-ndi-ki-a, kisha kuviondoa vistari hivyo mapema kabla havijawa magongo ya kutembelea.

Fauka ya hayo, maneno mafupi ya Kiswahili ndiyo yenye hila. Paa ni mnyama wa porini, paa ni la nyumba, ndege hupaa angani, na mvuvi hupaa samaki magamba. Kaa ni amri ya kuketi, ni mnyama wa pwani mwenye magando, na ni kipande cha moto. "Vua" haikosekani katika kitabu cha uvuvi, na darasa lenye watu wacheshi haliachi kucheka inapotokea, kwa kuwa samaki huvuliwa na nguo nazo huvuliwa. Katika mazungumzo hakuna tatizo, maana sauti, mkono na mahali vinamwongoza msikilizaji. Msomaji mpya hana sauti wala mkono. Ana karatasi tu.

Walakini iko hila kubwa kuliko hizo, nayo haitajwi sana. Kitenzi kifupi kuliko vyote katika Kiswahili ni kile cha kuamuru. "Lima" ina silabi mbili. "Tulime" ina tatu, "analima" ina nne, "tulipolima" ina tano. Mwandishi anayetafuta neno fupi kwa ajili ya msomaji wake mchanga hulikuta daima mahali pamoja: Lima. Panda. Palilia. Chemsha. Nawa. Chimba choo. Hakukusudia kuamuru, alikusudia kuwa mwepesi. Lakini sarufi imemshika mkono na kumpeleka penye kiti cha bwana mkubwa. Na anayeamriwa ni nani? Aghalabu ni mtu mzima kuliko mwandishi. Katika nyumba yenye adabu, iwe ya pwani au ya bara, kijana wa miaka 19 hamwambii mtu wa rika la baba yake "Lima!" Humwamkia kwanza, hungojea kuitikiwa, huuliza habari za nyumbani na za shamba, na akiwa na shauri hulivika nguo. Husema, "Mzee, nasikia wenzetu wa ng'ambo ile walijaribu kupanda mapema mwaka jana." Au husema "tulime," akijitia na yeye mwenyewe penye jembe. Kijana huyo huyo akipewa karatasi husahau adabu ambayo asingeisahau barazani, na hana habari kwamba ameisahau.

Labda itasemwa kwamba jambo hili ni dogo, na kwamba mkulima hatazami namna ya kitenzi bali hutazama faida. Mfano wa Kanda ya Ziwa nchini Tanzania waonyesha kwamba si dogo. Mwezi Mei 1964 Julius Nyerere, akieleza mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano, alisema kwamba elimu ya watu wazima haina budi kutangulia, kwa sababu elimu ya watoto itachukua miaka mingi kabla ya kuonekana katika uchumi. Mwaka 1968 ulianza Mwanza, kwa msaada wa UNESCO, mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, yaani kisomo kinachofungamana na kazi ya mtu. Vitabu viliandikwa juu ya pamba, migomba, uvuvi, ufugaji wa ng'ombe na mambo ya nyumbani. Wazo lilikuwa jema, kwa kuwa mtu mzima hana muda wa kujifunza herufi kwa ajili ya herufi. Lakini mkulima wa Usukuma aliyeketi darasani mwaka ule, akiwa na miaka 50, hakuwa karatasi tupu. Alikuwa amekwisha kuyasikia maneno mengi ya vitabu hivyo. Tangu baada ya Vita Kuu ya Pili hata miaka ya 1950 utawala wa Kiingereza ulikuwa umemwekea sheria ndogondogo za kulima matuta na kupunguza mifugo, na aliyezivunja aliadhibiwa. Chuki juu ya sheria hizo ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowatia watu wa Ziwa katika siasa za kudai uhuru. Kitabu kinachomwambia mtu wa namna hiyo "Palilia mapema" kinasema kweli juu ya palizi. Katika sikio lake, hata hivyo, kinasema kwa sauti ya karani wa boma.

Tena mkulima huyo alikuwa na haja yake mwenyewe ya kusoma, iliyokuwa ya zamani kuliko mradi. Wakulima wa pamba walipoanza kuungana mwanzoni mwa miaka ya 1950, Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi wao, lalamiko lao kubwa lilikuwa juu ya mizani ya wanunuzi. Walitaka mtu wao asimame penye mizani na kuhakikisha uzito. Katika juhudi hizo ndimo kilimozaliwa chama kikuu cha ushirika cha kanda ile, mwaka 1955. Mtu anayetaka kusoma ili asipunjwe mizanini, na mwandishi anayetaka asome ili apande kwa mistari, wote wawili wanazungumza habari za pamba, lakini hawazungumzi jambo moja. Mmoja anataka macho ya kumwangalia mwenye nguvu. Wa pili anataka masikio ya kumsikiliza mwenye maarifa. Kisomo kinachotoa masikio bila ya macho kina kasoro, hata kama kila neno lake juu ya mbegu na mbolea ni sahihi. Kingekuwa si kigumu hata kidogo kuanza na ukurasa wa namba za mizani na wa stakabadhi, ambao silabi zake si ngumu kuliko za mbolea.

Haifai, hata hivyo, kuwahukumu waandishi wale kwa ukali. Kazi iliyokuwa mbele yao haikuwa na kipimo. Mwaka 1971 chama cha TANU kiliazimia kwamba watu wazima wote wajue kusoma na kuandika kabla ya mwisho wa mwaka 1975, na walimu wengi walikuwa watu wa kujitolea, wengine wakiwa na elimu ya shule ya msingi tu. Kwa hesabu za serikali, wasiojua kusoma walikuwa kama theluthi mbili ya watu wazima mwaka 1967, wakapungua hata kufikia asilimia 39 mwaka 1975, na chini ya asilimia 10 mwaka 1986. Watu wanaokimbia namna hiyo hawapati nafasi ya kupima adabu ya kila sentensi. Isitoshe, yako mahali ambapo amri ni rehema. Chupa ya dawa ya kuulia wadudu wa pamba yapasa kuandikwa "Usinywe," wala hakuna anayejiona ametukanwa. Anayemvuta mwenzake kutoka mbele ya gari hamwamkii kwanza. Ubaya wa amri ni pale inapotumika kwa sababu mwandishi hakujua namna nyingine ya kuwa mfupi.

Na namna nyingine ipo, wala haikuhitaji kuletwa na mtaalamu. Mwaka 1973 ilifanyika nchini Tanzania kampeni ya afya iliyowaketisha watu wapatao milioni 2 katika vikundi, wakasikiliza redio pamoja, wakasoma vijitabu pamoja, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Jina la kampeni hiyo lilikuwa "Mtu ni Afya." Ni maneno matatu, silabi tano, na hayamwamuru mtu ye yote. Yanaweka jambo mezani na kumwacha msomaji alizunguke. Kiswahili kina akiba kubwa ya ufupi wa namna hii. Kina "ni" na "si," kina "ana" na "hana," na kina ile "hu" ya mazoea ambayo wazee wameitumia tangu zamani katika methali. Haba na haba hujaza kibaba: hakuna aliyeambiwa ajaze, wala hakuna asiyeelewa kwamba kujaza ni kwema. Methali nyingi zilitungwa kwa ajili ya kumwambia mtu mzima jambo gumu mbele ya watu bila ya kumvunjia heshima. Ni ajabu kwamba mafunzo ya waandishi wa kisomo huwapa wanafunzi kanuni zilizotoka katika magazeti ya New York, na kuziacha methali mlangoni kama mapambo.

Kosa jingine hutokana na silabi zenyewe. Ba, ma, ka na da ni rahisi kufundisha, na kwa bahati ndizo silabi za baba, mama, kaka na dada. Basi kitabu cha kwanza hujaa jamaa hawa. Baba analima, mama anapika, kaka ana kuku. Kwa mtoto jambo hili ni sawa, kwa kuwa yeye ana baba anayelima. Mtu wa miaka 45 anaposoma "Baba analima," baba ni nani? Baba yake amekwisha kuzikwa, na yeye ndiye baba. Kitabu kimemrudisha katika utoto bila ya kumwomba ruhusa, na picha zake za watu wanene wanaotabasamu humthibitishia kwamba hakikosea anwani, kilimkusudia mtoto. Lugha nayo haikumsaidia. Kutojua kusoma kuliitwa ujinga, na kampeni ya kukuondoa ikaitwa kufuta ujinga. Wenye ujuzi wa lugha watasema kwamba Kiswahili hutenga mjinga na mpumbavu, na kwamba mjinga ni yule ambaye hajaambiwa tu. Hilo ni kweli katika kamusi. Mwanamke anayeitwa kwa kipaza sauti aje kwenye darasa la kufuta ujinga, ilhali amelea watoto sita na anajua mizizi ya kutibu homa, majira ya mvua na hesabu ya madeni ya kijiji kizima, hatembei na kamusi mkononi. Katika madarasa mengi wanawake ndio waliokuwa wengi. Walikwenda licha ya jina hilo, na ushujaa wao haukusifiwa kiasi cha kutosha.

Pwani ilikuwa na taabu ya namna yake. Huko walikuwako watu wazima waliosoma Kurani tangu utotoni, na wengine walioandikiana barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama babu zao walivyofanya kwa karne nyingi. Mwalimu aliyepima kusoma kwa herufi za Kilatini peke yake aliwaweka watu hao katika fungu moja na wale ambao hawakupata kushika kalamu. Mwandishi aliyefahamu jambo hilo angewaandikia kwa namna nyingine kabisa, kwa sababu wao walihitaji kujua herufi mpya, hawakuhitaji kuambiwa kwamba maandishi ni nini.

Basi mwenye kujitolea afundishwe nini? Kwanza hufaa asiandike kitu. Kijana aliyetoka shule ya sekondari huja na Kiswahili cha mtihani, chenye "katika kutekeleza azma hiyo" na "hivyo basi," naye hukiona kuwa ndicho Kiswahili chenyewe. Akipelekwa gulioni siku nzima na daftari, asiulize wala asifundishe, akaandika tu yale watu wanayoyasema wanapopatana bei, wanapolalamikia ushuru, wanapoagana, hurudi na hazina kubwa kuliko mihadhara ya juma zima. Hurudi pia amepungukiwa kidogo na majivuno, na upungufu huo ndio unaotafutwa.

Kisha huandika. Chukua mfano wa kipande juu ya maji, kwa kuwa ni nadra mafunzo ya waandishi kupita bila ya kipande juu ya maji. Mwanafunzi huandika: "Maji machafu ni mabaya. Chemsha maji. Kunywa maji safi." Ni maneno tisa, na yote ni kweli. Sasa na amsomee mama aliyetoka kisimani. Mama huyo anajua kwamba maji yake si safi, maana ndiye aliyeyateka. Anajua pia bei ya mzigo wa kuni, umbali wa kichaka, na kwamba moto wake unangojewa na ugali. Ukurasa haukumwambia lo lote asilolijua, tena umemficha yale aliyotaka kuyajua. Maji yatokote muda gani? Kuni zikitosha sufuria moja tu, nani anywe kwanza? Maji yaliyochemshwa jana yafaa leo? Maswali haya yana majibu, na majibu yake huandikika kwa maneno mepesi. Maji yakitokota kwa nguvu dakika moja yanatosha, isipokuwa juu sana milimani ambako huhitaji dakika tatu. Asiyejua hilo huteketeza kuni bure. Mtoto mdogo hutangulia. Chombo chenye mfuniko huyatunza maji, na kikombe kichafu kikichovywa ndani huyaharibu. Sentensi hizi nazo ni fupi. Ila mwandishi amelazimika kwenda kumwuliza mwuguzi, na kufikiri juu ya jiko ambalo si lake. Kuamuru hakukumtaka ajue cho chote.

Hapa ndipo swali la mwanzo linapopata sura yake halisi. Kurahisisha kuko kwa namna mbili, na kwa mbali hufanana. Kuna kuondoa ugumu wa maneno ili jambo lionekane, na kuna kuliondoa jambo lenyewe ili maneno yabaki mepesi. Namna ya pili haina taabu, nayo ndiyo inayojaza rafu za maktaba za vijiji kwa vitabu ambavyo hakuna anayeviazima. Mtu aliyejifunza kusoma kwa jasho, kisha akakuta kwamba yaliyoandikwa kwa ajili yake hayana ladha, huacha kusoma, na asiyesoma husahau. Baadhi ya waandishi wa Kanda ya Ziwa walilijua jambo hilo. Katika miaka ya 1970 walitoa gazeti la wasomaji wapya, "Elimu Haina Mwisho," ambalo jina lake pia halimwamuru mtu. Lakini karatasi iliadimika, fedha zikapungua, na sensa ya mwaka 2002 ilikuta kwamba kama watu watatu katika kila watu wazima kumi hawakujua kusoma. Miongoni mwao walikuwamo vijana ambao hawakupata kwenda shule katika miaka migumu ya 1980 na 1990. Haielekei, hata hivyo, kwamba hawakuwamo pia watu waliowahi kujua, wakaachwa bila ya kitu cha kusoma.

Wako waliosema kwamba dawa ni kumwachia mwanafunzi achague maneno. Paulo Freire, Mbrazili, alipofundisha wafanyakazi wapatao 300 katika mji wa Angicos mwaka 1963, kwa saa 40 tu za masomo, hakuanza na kitabu. Alianza na maneno yaliyokusanywa katika mazungumzo ya watu wa mahali pale, na mojawapo ya mifano aliyopenda kuitoa katika maandishi yake ni neno la tofali, kwa kuwa mjenzi ana mengi ya kusema juu ya tofali na juu ya nyumba ambayo si yake. Aliwalaumu waandishi wa vitabu vya kwanza waliowapa maskini sentensi za matunda wasiyopata kuyala. Kireno, kama Kiswahili, hugawanyika vizuri kwa silabi, ndiyo maana njia yake haikuwa ngeni kwa walimu wa Tanzania, nchi aliyoizuru katika miaka ya 1970. Serikali ya kijeshi iliyotwaa nchi yake mwaka 1964 ilimfunga, kisha akaenda uhamishoni. Yaonekana waliomfunga walielewa vizuri kuliko wengi kwamba uchaguzi wa neno la kwanza si jambo la ufundi peke yake.

Huko Kuba mwaka 1961 serikali iliwapeleka vijana wapatao 100,000 mashambani na taa za mafuta, wakafundisha pamoja na walimu wengine, na watu zaidi ya 700,000 wakatangazwa kuwa wamejua kusoma. Kitabu chao kilichaguliwa maneno na serikali, nacho kilikuwa kimejaa siasa yake kutoka ukurasa wa kwanza. Lakini mtihani wa mwisho ulimtaka kila mwanafunzi aandike barua, kwa mkono wake, kwa mkuu wa serikali. Barua nyingi ni za shukrani, kama ilivyotazamiwa. Hata hivyo mtu aliyeandika barua moja kwa mkubwa aweza kuandika ya pili, na ya pili si lazima iwe ya shukrani. Haiwezekani kumfundisha mtu kusoma amri tu. Herufi zinazoandika "Palilia mapema" ndizo zinazoandika "Bei haitoshi."

Kutokana na mawazo hayo imeenea njia ambayo huonekana kuwa imeumaliza ubishi wote. Mwanafunzi husema, mwenye kujitolea huandika yale yale aliyoyasema, kisha mwanafunzi huyasoma maneno yake mwenyewe. Hakuna amri, hakuna baba wa uwongo, na jambo haliwezi kuwa geni. Njia hii ni nzuri. Lakini humletea mwandishi kijana mtihani ambao hakuna kanuni ya silabi inayousaidia. Mzee wa mifugo anasema, "Ng'ombe yangu amekufa." Kijana amefundishwa kwamba sahihi ni "ng'ombe wangu." Akiandika "wangu," mzee atasoma polepole na kukuta kwamba sentensi si yake, siku ya kwanza ya kuyaona maneno yake katika karatasi ndiyo siku aliyosahihishwa, tena juu ya ng'ombe wake aliyekufa. Akiandika "yangu," amemheshimu leo, na kesho mzee atapeleka maandishi yake kwa karani au gazetini, watu wacheke, ilhali kijana alijua akanyamaza. Wala mzee hakukosa kwa uvivu wa akili. Lugha yenyewe husema "rafiki yangu" na "ndugu yangu," na kila mtu huridhika. Alifuata njia aliyoikuta wazi.

Wakufunzi hawaafikiani juu ya jambo hili. Wengine hutaka iandikwe kama ilivyosemwa mpaka mtu awe amepata nguvu katika kusoma, ndipo usahihi ufuate. Wengine huona kwamba huko ni kumfanya mtu atembee njia mara mbili, hasa yule ambaye Kiswahili si lugha ya mama yake, na ambaye alikuja darasani kusudi apate kile Kiswahili cha ofisini ambacho wenye nacho wamekuwa wakimshinda nacho. Hoja hii ya pili ina uzito kuliko inavyokubaliwa na wapenzi wa lugha za vijijini, kwa kuwa wao wenyewe huandika Kiswahili sanifu. Shauri la kumwuliza mwenyewe laonekana kuwa la haki. Lakini mzee akiambiwa kwamba yako maneno mawili, lake na la kitabu, aghalabu hujibu, "Andika lile la kitabu," na kijana hawezi kujua kama jibu hilo ni la mtu aliyechagua au la mtu aliyezoea kutii. Wako wakufunzi wanaowashauri vijana wao waandike yote mawili, moja chini ya jingine, wamwache mzee ayasome yote kwa sauti, mara ya kwanza na mara ya pili, kabla ya kumwuliza tena.